Kutoka Miritini hadi Luthuli: Safari ya Kutafuta Kipimo



Wasomaji wetu wapenzi, mama zetu, dada zetu na wazazi wenzetu, wiki hii hatuwaletei darsa ya fiqhi wala ya tajwidi. Twawaletea habari za safari. Na safari yenyewe haikuwa ya Hijazi wala ya ziara ya Lamu, bali ya Nairobi, kwenye barabara moja yenye kelele nyingi, kwenda kununua vyombo vya kupimia umeme vilivyokwisha kutumika na wengine. Atakayecheka na acheke, lakini asituache njiani, kwani katika safari hii mlikuwamo fedha za akina mama, usalama wa kijana yatima, na aibu kidogo ya huyu anayewaandikia.

Mtaani kwetu, hapa Mji wa Kale wa Mombasa, yupo mama mmoja mjane ambaye marehemu mumewe alikuwa fundi wa redio. Alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliacha meza ya kazi, chuma cha kulehemu, na mita moja nzito nyeusi yenye mshale, aina ya Avo, Model 8. Mita za Avo zilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1923, na jina lake ni herufi za mwanzo za ampia, volti na omu, yaani vile vitu vitatu ambavyo fundi wa umeme hupima kila siku. Mjane yule ameihifadhi mita hiyo ndani ya sanduku, imefungwa kwa kanga, kama wengine wanavyohifadhi dhahabu.

Mwanawe wa kiume amemaliza mafunzo ya elektroniki, na sasa amefungua kibanda kidogo cha kutengeneza redio, amplifaya na vyombo vya nyumbani. Lakini kazi ilikuwa yampiga chenga. Alikuwa akibahatisha: atoe kipande hiki, atie kile, kisha awashe aone. Mteja alilipia vipande vitatu ilhali kibovu kilikuwa kimoja. Akina mama wa chama cha mtaani, ambao mjane yule ni mwenzao, wakachanga shilingi 25,000 ili kijana anunuliwe mita nzuri na osiloskopu, chombo chenye kioo kinachoonyesha umbo la umeme jinsi unavyopanda na kushuka. Wakatuomba sisi tufuatane naye, kwa kuwa tumemsomesha Qur'ani tangu utotoni, na kwa kuwa, Mungu awasamehe, walidhani mwenye kilemba hadanganywi sokoni.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini vikuukuu? Jawabu ni kwamba osiloskopu mpya iliyo imara ingalimeza fedha ile yote na kudai zaidi. Na chombo cha zamani kilichotoka katika maabara au karakana kina sifa yake. Kilijengwa ili kitumike miaka mingi, ndani yake vipande vyaonekana kwa macho na vyaweza kubadilishwa kimoja kimoja, na mara nyingi kilichokimaliza kwa mwenyewe wa kwanza si ubovu bali ni kuja kwa cha kisasa zaidi. Ni mtumba kama nguo: ajuaye kuchagua huvaa vizuri kwa bei ndogo, na asiyejua hununua tundu.

Basi tukapanda treni ya saa mbili asubuhi pale stesheni ya Miritini. Wale waliosafiri kwa reli ya zamani, iliyolala njiani usiku kucha, wataelewa mshangao wetu wa kufika Nairobi mchana wa siku ile ile. Reli hii mpya ilianza kuchukua abiria mwaka 2017, na sehemu kubwa ya njia yake imeinuliwa juu ya tuta na madaraja, hivi kwamba ukivuka Tsavo huwatazama ndovu kwa chini, wamejipaka udongo mwekundu utadhani wamefinyangwa kwao. Tulipofika Voi, milima ya Taita ikawa upande mmoja imevaa mawingu. Kijana wetu hakutazama ndovu wala milima. Alikuwa na daftari magotini, ameandika orodha ya mambo ya kukagua, na kila tulipomsemesha alijibu, "Naam, Maalim," kisha akarudi kwenye orodha yake.

Tukateremka Syokimau, tukaingia treni ndogo ya kutupeleka katikati ya mji, na Adhuhuri na Alasiri tukazisali pamoja kwa kuzipunguza, kama ilivyo ruhusa ya msafiri, katika Msikiti wa Jamia wenye kuba tatu na minara miwili. Usiku ule baridi ilitufundisha adabu. Joho letu la Mombasa halikuwa na habari za Nairobi.

Asubuhi tukaelekea Luthuli. Barabara hii ina jina la Albert Luthuli wa Afrika Kusini, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Amani ya mwaka 1960, lakini amani yenyewe haipatikani pale, kwani kila duka limeweka spika mlangoni na kila spika yashindana na jirani yake. Ndipo penye soko la elektroniki: redio, televisheni, simu, nyaya, na katika vijiduka vya ghorofani vipande vidogo vidogo vilivyopangwa ndani ya visanduku kama viungo vya pilau. Wauzaji wa vyombo vikuukuu vya kupimia hawapo mbele. Huna budi kuuliza, upande ngazi, upite ukumbi wenye giza, uulize tena.

Katika duka la kwanza tulionyeshwa mita ya tarakimu, yang'aa, ndani ya mfuko wake. Muuzaji akasema ni kama mpya. Kijana wetu akaomba ruhusa ya kuifungua mgongo. Muuzaji akanuna kidogo, akaruhusu. Ndani, mahali pa fyuzi ya kupimia mkondo mkubwa, palikuwa na uzi wa waya uliofungwa tu kutoka huku hadi kule.

"Maalim," kijana akatuambia kwa sauti ya chini, "fyuzi hii kazi yake ni kufa kabla yangu. Wameiondoa."

Tulimuuliza maana yake tulipotoka nje. Akatueleza kwamba fundi akikosea, akaiacha mita katika sehemu ya kupimia mkondo kisha akagusa umeme wa ukutani, mita huwa kama kipande cha waya kilichounganisha pande mbili za umeme. Fyuzi ya kweli hukatika mara moja. Uzi ule wa waya haukatiki upesi. Badala yake mita hupasuka mkononi. Kisha akanyamaza, akasema, "Lile kovu la baba, la kiganjani, lilitokana na hilo." Sisi tulimjua baba yake miaka ishirini, tukampa mkono mara zisizohesabika, na hatukuwahi kuuliza juu ya kovu lile.

Duka la pili ndipo ilipotupata aibu. Palikuwa na osiloskopu kubwa, ya fahari, kioo chake kijani, vifundo vyake vya kuzungusha vingi kama tasbihi. Twakiri mbele yenu: tuliipenda. Tulijiona tumeiingiza mtaani, akina mama wameizunguka, na sisi twasimama kando kwa unyenyekevu wa kujidai. Bei ilikuwa shilingi 24,000, na tukaanza kushusha sauti ili tuipatane. Muuzaji akashika plagi apate kuiwasha.

"Ngoja, mzee, tafadhali usichomeke!" kijana akapaza sauti.

Akaigeuza nyuma. Palikuwa na kiteuzi kidogo cha volti, nacho kilikuwa kimesimama kwenye 115. Chombo kilitoka katika nchi za umeme mdogo, kama Marekani, na hapa kwetu ukutani mna volti 240. Kingaliwashwa hivyo, kingaliungua mbele ya macho yetu, na nani angalilipa? Kijana akatazama pia ndani ya plagi iliyotiwa hapa nchini: waya wa ardhini ulikuwa umekatwa. Akamshukuru muuzaji kwa adabu, akatutazama. Tukaelewa. Tukashuka ngazi kimya, na kilemba chetu kikiwa kizito kuliko kawaida.

Hapa yafaa tuseme jambo, akina mama, maana ni la uhai. Kile kibanio cha waya wa kupimia cha osiloskopu kwa kawaida kimeunganishwa na ardhi kupitia plagi. Fundi akikibana mahali penye umeme wa ukutani, cheche huruka. Baadhi ya mafundi, badala ya kujifunza kupima kwa njia iliyo salama, hukata waya wa ardhini ili cheche zisiruke. Basi cheche haziruki, lakini mwili wote wa chuma wa chombo waweza kuwa na umeme, ukimngoja atakayeugusa. Mama mwenye mtoto fundi na amuulize swali hili moja: je, waya wa ardhini wa chombo chako umeunganishwa?

Baada ya Adhuhuri tukaelekezwa kwa mzee mmoja, fundi wa siku nyingi, mwenye chumba kidogo ghorofani. Alitukaribisha kwa viti, akamsikiliza kijana hadi mwisho, kisha akateremsha osiloskopu ya kadiri, yenye njia mbili za kupokea umeme, mkono wake wa kubebea umevunjika.

"Sheikh," akasema, "nitawaambia ubaya wake kwanza. Mkono umevunjika, mwauona. Njia ya pili, ukizungusha kifundo chake, wimbi larukaruka kwa sababu ya uchafu. Na hapa katikati ya kioo mna alama. Mtu aliacha nukta ya mwanga mahali pamoja muda mrefu, ikaunguza. Mengine mtapima wenyewe."

Nasi tukakumbuka jinsi Mtume (S.A.W.) alivyotia mkono ndani ya lundo la chakula sokoni, akakuta chini kumelowa, akamkemea muuzaji kwa kulificha lile lililoharibika. Huyu mzee hakuwa wa dini yetu, lakini lililo chini alilitoa juu yeye mwenyewe, bila kuulizwa.

Upimaji wenyewe ulikuwa darsa, na sisi tulikaa kama wanafunzi wa juzuu ya kwanza. Mzee alikuwa na ubao wenye globu ya zamani ya wati 100, ile yenye uzi ndani, iliyounganishwa hivi kwamba umeme hupita kwenye globu kwanza ndipo uingie chomboni. Chombo kikiwa na hitilafu kubwa ndani, globu huwaka kwa nguvu zote na kuuzuia umeme usikiharibu zaidi. Kikiwa kizima, globu humeta mara moja kisha hufifia. Ilimeta, ikafifia. Tukasema alhamdulillahi, na mzee akacheka.

Akakiunganisha moja kwa moja, tukakiacha kipate moto kwa nusu saa huku twanywa chai, maana chombo cha zamani husema kweli kikishapata joto. Kisha kijana akagusisha waya wa kupimia kwenye kidole kidogo cha chuma kilichopo mbele ya chombo. Kidole hicho hutoa umeme wa mpigo unaojulikana, mizunguko 1,000 kwa sekunde, umbo lake la pembe nne. Kijana akaweka muda kwenye milisekunde moja kwa kila mraba wa kioo, na tazama: kila mzunguko ukakaa katika mraba wake, kwa sababu sekunde moja ukiigawa mara 1,000 wapata milisekunde moja. Hivyo ikajulikana kwamba saa ya chombo haijapotoka. Pembe za wimbi zilikuwa zimeviringika kidogo; akachukua bisibisi ndogo, akazungusha skrubu iliyo kwenye waya wa kupimia, na pembe zikanyooka kama ukuta uliopigwa timazi. Mwisho, mzee akanyunyizia dawa ya kusafishia swichi ndani ya kile kifundo cha njia ya pili, akakizungusha mara nyingi, na kurukaruka kukapungua sana, ingawa hakukwisha.

Tukanunua osiloskopu ile kwa shilingi 14,000. Mita ya tarakimu, fyuzi zake za asili zikiwamo, tukaichukua kwa 4,500 baada ya kijana kuipimia betri mpya na rizista tano za thamani inayojulikana, na kulinganisha majibu na mita mbili za mzee. Nyaya za kupimia zisizopasuka, fyuzi za akiba na dawa ya swichi zikala 3,200. Tukarudi Mombasa na shilingi 3,300 mkononi na risiti mfukoni, na hesabu hiyo tukaisoma mbele ya chama, kwani mali ya watu ni amana hata ikiwa senti.

Kuna jambo tulilojifunza baada ya kurudi. Kijana alipima umeme katika redio moja kwa mita mpya, kisha kwa Avo ya marehemu baba yake, na majibu yakatofautiana. Mama yake akasikitika, akidhani mita ya mumewe imezeeka ikawa yasema uongo. Kijana akamtuliza. Kila mita, ili ipime, yachukua umeme kidogo kutoka kwa kile kinachopimwa. Avo ile ina omu 20,000 kwa kila volti. Ikiwekwa kwenye kipimo cha volti 10 huwa na omu 200,000 kwa jumla. Mita ya tarakimu ina omu milioni 10. Penye umeme dhaifu, Avo hunywa fungu kubwa zaidi, na kwa hiyo huonyesha pungufu. "Baba hakuwa na mita mbovu, mama," akasema. "Ni kujua tu mita yako yanywa kiasi gani." Na pale penye umeme wenye nguvu, mita zote mbili zilikubaliana. Mama akaifunga Avo tena, lakini safari hii hakuirudisha sandukuni. Aliiweka juu ya meza ya kazi.

Wanazuoni wetu wa zamani walilijua jambo hili la kuchunguza kipimo kabla ya kukiamini. Al-Khazini wa Marw, mnamo mwaka 515 wa Hijria, sawa na 1121 Miladia, aliandika kitabu kizima juu ya mizani, wala hakutosheka kueleza matumizi yake, bali alieleza pia namna ya kuijenga na kuirekebisha. Na sote twaijua Surat al-Mutaffifin, jinsi inavyoanza kwa onyo kali kwa wapunjao vipimo. Mita mbovu mikononi mwa fundi ni mizani mbovu mikononi mwa muuza mchele: hata asipokusudia, humdhulumu mtu.

Kwa familia zitakazotaka kumnunulia kijana au binti vyombo vya namna hii, twafupisha tuliyoyaona. Kwanza, nendeni na mwenye ujuzi, na akisema hapana, mtiini. Pili, tazameni volti nyuma ya chombo kabla ya kuchomeka plagi. Tatu, fungueni mtazame fyuzi na mahali pa betri; ukungu mweupe au wa kijani wamaanisha betri zilivuja. Nne, msinunue kisichowashwa mbele yenu, wala msilipie vifundo msivyovihitaji. Tano, mkishafika nyumbani, kumbukeni kwamba hewa ya bahari yetu ina chumvi na unyevu: toeni betri kama chombo hakitatumika, kifunikeni, kiwasheni mara kwa mara kipate joto, wala nukta ya mwanga isiachwe ikisimama mahali pamoja kwenye kioo.

Siku ya kwanza osiloskopu ilipowashwa kibandani, akina mama wa chama walikuja kutazama walichokinunua. Kiooni palikuwa na mstari mmoja tu, mnyoofu, na tuliona nyusoni mwao kwamba walitarajia zaidi. Kijana akamwita mama yake, akamwambia, "Mama, gusa ncha hii kwa kidole, haina neno." Mama akasita, akagusa. Mstari ukainuka ukawa wimbi, likapanda na kushuka kwa utulivu kutoka upande huu hadi huu, kila mzunguko umeshika miraba minne ya milisekunde tano tano.

"Hiki nini?" akauliza.

Kijana akamweleza kwamba ni umeme wa nyumba, mizunguko 50 kwa sekunde, unaotoka kwenye nyaya za ukutani na kufika mwilini kupitia hewani kwa udogo usiosikika. Umekuwapo siku zote, hapana aliyeuona. Mama akaondoa kidole, wimbi likatoweka, akagusa, likarudi. Akafanya hivyo mara nyingi, na hapana aliyemharakisha.

Mwenyezi Mungu awalipe kheri waliochanga, ambariki kijana katika kazi ya mikono yake, na atujaalie sote kuwa wenye vipimo vya haki. Wabillahi tawfiq.